Hita ya Gesi Ikizimika, Iulize Kwanza Sababu

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, leo naomba ruhusa tuingie bafuni. Sina nia ya kukuvunjia heshima. Nataka tuzungumzie chombo ambacho siku hizi kimeanza kuonekana katika nyumba nyingi za mijini, na hata vijijini kwa wenye uwezo kidogo. Chombo hicho ni hita ya gesi, yaani lile sanduku jeupe linalotundikwa ukutani, upande mmoja likiunganishwa na bomba la maji na upande mwingine na mtungi wa gesi. Ukifungua bomba tu, moto unawaka wenyewe ndani ya sanduku na maji yanatoka yakiwa ya moto.

Chombo hiki ni kizuri, tena kinaokoa muda na kuni. Lakini kina tabia zake, na mwenye nyumba asiyezijua tabia hizo atasema kina wazimu. Dada yangu alisema kina majini. Kabla hatujaielewa lugha ya chombo hicho, nusura kitunyang'anye mtoto.

Dada yangu ameolewa Kemambo, Wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Kwa wasiopafahamu, Kemambo ni jirani na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, na ukivuka Mto Mara unaingia Wilaya ya Serengeti. Shemeji yangu ni mfanyabiashara. Alijenga nyumba nzuri, akaweka tangi la maji juu ya mnara wa mbao, akajenga na bafu la ndani. Jioni za kule zina ubaridi wake, na kwa kuwa umeme haukumpa uhakika aliotaka, aliamua kununua hita ya gesi.

Nilipofika likizoni, jioni ya kwanza dada alinipa taulo na onyo kwa pamoja. "Kaka, oga upesi. Hiyo mashine ina majini. Ikijisikia inawaka, ikijisikia inazima."

Nilicheka. Niliingia bafuni, nikafungua maji, moto ukawaka. Baada ya kitambo kidogo moto ulizimika, nikamalizia kwa maji ya baridi huku meno yakigongana. Asubuhi yake hita iliwaka vizuri kuliko jana. Mchana mtu mwingine alijaribu, ikakataa kabisa. Kwa hakika mtu angeweza kuamini habari ya majini.

Baadaye sana, mambo yalipokuwa yamekwisha kuharibika, nilikaa na fundi mmoja mzee pale Tarime mjini, akanifundisha jambo ambalo ndilo ninalotaka kukupa leo. Alisema, "Bwana mdogo, hita inataka vitu vinne. Maji yaisukume, cheche iiwashe, gesi iilishe, na hewa iipe pumzi. Ikikosa kimoja, itagoma. Kazi yako si kuilazimisha. Kazi yako ni kujua imekosa kipi."

Basi tuvichukue vitu hivyo kimoja kimoja.

Cha kwanza ni maji. Watu wengi hudhani kuwa hita huwaka kwa sababu umefungua bomba. Siyo hivyo. Hita huwaka kwa sababu maji yanapita kwa nguvu ya kutosha. Ndani yake, katika hita za kawaida, kuna kiwambo cha mpira. Maji yakipita kwa kasi, kiwambo kinasukumwa, nacho kinafungua njia ya gesi. Maji yakipungua nguvu, kiwambo kinarudi mahali pake na gesi inafungwa. Huu ni ulinzi, kwa sababu moto ukiendelea kuwaka na maji hayapiti, koili ya shaba iliyo ndani itaungua.

Sasa nguvu ya maji ya tangi hutokana na kimo. Kila mita moja ya kimo kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye bomba la kuogea inaongeza msukumo. Hita nyingi ndogo zinahitaji kimo cha mita 2 au 3 ndipo ziwake bila kusuasua. Mnara wa shemeji yangu ulikuwa mfupi. Tangi likijaa, maji yalikuwa na kimo cha kutosha na hita iliwaka. Tangi likifika nusu, hita iligoma. Wakati mwingine mtu alifungua bomba la jikoni, maji yakagawanyika, na anayeoga bafuni akabaki gizani, maana yake bila moto. Hayo ndiyo yaliyokuwa majini ya kwanza.

Kwa hiyo hita yako ikizimika mara tu mtu mwingine anapofungua maji, kisha ikawaka yenyewe anapofunga, usimwite fundi wa gesi. Angalia maji. Fungua chujio dogo lililoko pale bomba la maji baridi linapoingia kwenye hita, ulisafishe, kwa sababu mchanga na tope la masika hujikusanya hapo. Angalia pia matundu ya bomba la mvua bafuni. Kama bado, inua mnara, au weka bomba nene zaidi, au pampu ndogo.

Hapo hapo kwenye maji kuna kioja kingine. Mtu analalamika kuwa maji yanatoka ya moto mno hadi yanababua, tena akipunguza maji ndiyo yanazidi kuwa moto. Hilo ni hesabu tu. Moto ni ule ule, maji ni machache, basi kila tone linapata joto jingi zaidi. Dawa yake ni kupunguza moto kwa kitasa cha gesi, siyo kupunguza maji. Vile vile ukifunga bomba kidogo ili ujipake sabuni, kisha ukafungua tena, maji ya kwanza kutoka huwa makali kwa sababu yalibaki ndani ya koili yenye joto. Yaache yamwagike kwanza kabla ya kumweka mtoto chini yake. Na hita ikianza kunguruma kama sufuria inayochemka, jua kuwa maji yenu ni magumu na koili imeota ukoko mweupe ndani, sawasawa na ule wa birika.

Cha pili ni cheche. Hita nyingi za siku hizi hutumia betri kubwa, zile za tochi. Ukifungua maji utasikia tik, tik, tik. Ukisikia mlio huo na moto hauwaki, ama betri zimechoka, ama gesi haifiki. Usiposikia mlio wowote, ama betri zimekufa, ama maji hayana nguvu. Betri za bei ya chini huvuja na kuotesha unga mweupe kwenye vyuma, kwa hiyo toa, futa, weka mpya. Ni jambo dogo, lakini watu wamewahi kufungua hita nzima kwa kosa la betri.

Iko dalili moja hapa ambayo siyo ndogo. Hita ikichelewa kuwaka, kisha ikawaka kwa kishindo, bum, maana yake ni kwamba gesi imejikusanya kabla cheche haijaifikia. Acha kuitumia mpaka isafishwe. Kishindo cha leo kinaweza kuwa kidogo, na cha kesho kikaondoka na nyusi zako.

Cha tatu ni gesi yenyewe. Hita ndogo ya kutoa lita 6 za maji ya moto kwa dakika hula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa ikiwaka mfululizo. Jiko la kawaida la kichomeo kimoja halifiki hata robo ya ulaji huo. Sasa gesi ndani ya mtungi ni maji maji. Ili itoke lazima igeuke mvuke, na kugeuka mvuke kunataka joto, ambalo huvutwa kutoka kwenye chuma cha mtungi. Ukiunganisha hita kwenye mtungi mdogo wa kilo 6, mtungi unapoa, unatoka jasho, na gesi inashindwa kutoka kwa kasi inayotakiwa. Moto unakuwa mdogo, maji yanakuwa vuguvugu, nawe unadhani gesi imekwisha. Unaacha nusu saa, mtungi unapata joto, hita inawaka tena. Hayo nayo watu wameyaita majini. Tumia mtungi wa kilo 15 au zaidi, na kamwe usiupashe mtungi moto kwa maji yanayochemka wala kwa mkaa.

Liko na kosa la ununuzi. Gesi ya mitungi siyo ile inayochimbwa Songo Songo na Mtwara. Ile ya ardhini kwetu kwa sehemu kubwa ni methani. Ya mitungi ni propani na butani, nayo huletwa kwa meli kutoka nje. Hita iliyotengenezwa kwa ajili ya methani ina matundu makubwa zaidi ya kupitishia gesi. Ukiifunga kwenye mtungi, itatoa moto mkubwa wa njano wenye masizi. Kabla ya kulipa, soma kibandiko ubavuni mwa hita, uone kama kimeandikwa herufi LPG.

Na ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, usiwashe wala usizime. Funga mtungi, fungua milango, toka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kujificha kwenye mabonde na mifereji. Kutafuta mahali inapovuja, paka povu la sabuni kwenye maungio. Anayetafuta kwa kiberiti huenda akapaona, lakini hatarudi kutuambia.

Sasa tufike kwenye cha nne, ambacho ndicho kilichonifanya niandae mazungumzo haya. Cha nne ni hewa.

Hita ya shemeji yangu ilikuwa na ugonjwa wa pili, uliojificha nyuma ya ule wa maji. Hata tangi likiwa limejaa, na hakuna mtu jikoni, hita iliwaka kama dakika tano au sita, kisha ikazimika. Na ikizimika namna hiyo haikuwaka tena mpaka mlango wa bafu ufunguliwe na ukae wazi kidogo. Wa kwanza kuoga alipata maji ya moto. Wa pili alipata kidogo. Wa tatu hakupata kitu. Mchana dada alipofua humo bafuni mlango ukiwa wazi, hita iliwaka hata nusu saa.

Ndugu msikilizaji, ukiyapanga hayo hivi, hata mtoto wa shule ataona kuwa jambo ni la mlango. Lakini sisi hatukuyapanga. Shemeji alimwita fundi kijana wa hapo hapo. Akamwambia, "Mura, hii mashine inanizimikia kila siku. Itengeneze ikome."

Kijana alifungua sanduku. Akakuta kifaa kidogo kama punje ya harage, kina nyaya mbili nyembamba. Akazikata, akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, akakiacha kile kifaa kinaning'inia. Akasema, "Sasa haitazima tena, mzee." Akalipwa, akaondoka. Na kweli, haikuzima tena. Tulioga wote, mmoja baada ya mwingine, tukamsifu kijana.

Wiki ile nyumba nzima iliumwa. Dada alilalamika kichwa na kichefuchefu. Mimi nilijiona mlegevu jioni, nikasema ni uchovu wa safari. Mpwa wangu, binti wa miaka tisa, alitapika usiku. Kanda ya Ziwa, kichwa na kutapika jina lake ni malaria. Dada alikwenda kupima, kipimo kikasema hana malaria. Akanunua dawa hata hivyo, kama wengi wetu tunavyofanya.

Jumapili jioni mpwa wangu aliingia kuoga, akiwa wa tatu. Mtoto yule ana desturi ya kuimba anapooga. Nilikuwa nimekaa sebuleni, nikasikia maji yanamwagika lakini sisikii wimbo. Nilimwita, kimya. Tulivunja kitasa. Alikuwa amekaa sakafuni, macho wazi, miguu haimsikii. Dada alipiga ukelele akisema ni degedege. Mimi mwenyewe, kwa dakika moja niliyoinama kumwinua, nilihisi kizunguzungu. Tulimbeba hadi barazani. Kwenye hewa alitapika, kisha akalia. Sijapata kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Kwenye kituo cha afya tabibu hakuanza na sindano. Aliuliza swali moja. "Nani mwingine nyumbani anaumwa kichwa?" Tukatazamana. Akauliza tena, "Mnaoga kwa nini?" Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Mtoto aliwekwa kwenye oksijeni, na kufikia asubuhi alikuwa akidai chai.

Ni nini kilichotokea? Gesi ikiungua vizuri, penye hewa tele, hutoa moto wa bluu, mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Ikikosa hewa, inaungua nusu nusu, na hapo hutoa hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ile harufu mbaya ya gesi ya mtungi imetiwa makusudi kiwandani ili tuishtukie ikivuja, lakini sumu hii inayozaliwa na moto haina wa kuitangaza.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo 1 ya gesi ili iungue sawasawa inahitaji zaidi ya mita 12 za ujazo za hewa. Bafu la shemeji, urefu mita 2, upana mita 1 na nusu, kimo mita 2.4, lilikuwa na mita 7 tu za ujazo. Dirisha lake lilizibwa kwa karatasi ya nailoni kwa ajili ya mbu na baridi. Kwa dakika tano hita ilikuwa imekwisha tumia oksijeni ya mita nzima ya ujazo, na moto huanza kuungua vibaya mapema sana kabla hewa yote haijaisha. Tena ongeza jambo la kimo. Ziwa Victoria lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kemambo iko juu zaidi ya ziwa. Huko hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam au Tanga, na kila debe la hewa lina oksijeni pungufu.

Ile punje ya harage iliyokatwa ndiyo iliyokuwa mlinzi wa nyumba. Kazi yake ni kuhisi hali inapoharibika na kuzima moto. Kumbe hita ilipokuwa ikizimika, ilikuwa na akili kuliko sisi. Kila jioni ilituambia, "Humu hewa imekwisha, fungueni," nasi tukaleta mtu wa kuinyamazisha.

Kaboni monoksaidi huua kwa ujanja. Chembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba oksijeni mwilini. Sumu hii inazing'ang'ania chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inazunguka, lakini imebeba mzigo usiofaa. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na mwisho usingizi usio na kuamka. Mama mjamzito yuko katika hatari zaidi, kwa sababu mtoto aliye tumboni huumia hata pale mama anapojiona ana nafuu.

Utaitofautishaje na malaria? Sumu hii haileti homa. Huwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Mtu akitoka nje au akienda kazini anapata nafuu, akirudi nyumbani inamrudia. Na huandamana na moto, uwe wa hita, wa jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kwa ajili ya baridi, au wa jenereta iliyowekwa ukumbini. Ukifika hospitali mwambie daktari habari ya moto huo, maana kile kipimo kinachobana kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kuitofautisha sumu hii. Kinaweza kuonyesha kuwa u mzima na huku unakufa.

Watu wa Nyamongo hawakupaswa kufundishwa jambo hili na mimi. Wachimbaji wadogo wanajua kwamba ukishusha pampu ya petroli ndani ya duara ili ivute maji, mtu akashuka nayo, huenda asipande tena, na anayemfuata kumwokoa naye asipande. Sumu ni hiyo hiyo. Uingereza, katika miaka ya 1890, mwanasayansi John Scott Haldane alichunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe baada ya milipuko, akaona kuwa wengi hawakuuawa na moto bali na kaboni monoksaidi. Akashauri washuke na panya au ndege wadogo, kwa sababu viumbe hao hulegea mapema kabla ya binadamu, na wachimbaji wakiona ndege ameanguka wakimbie. Ndege hao walitumika katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986. Ile punje ndani ya hita ndiye ndege wetu. Hakuna mchimbaji aliyemwona ndege ameanguka, akamfunga kwa uzi ili asimame.

Na makosa haya si ya Kemambo peke yake. Mwaka 1868 Mwingereza Benjamin Waddy Maughan alibuni hita ya gesi ya kuogea jijini London. Aliiita kwa jina la chemchemi za maji ya moto za Iceland, kama vile sisi wa Mara tungeiita kwa jina la Maji Moto kule Serengeti. Maji yake yalikuwa ya moto kweli, lakini mashine haikuwa na dohani ya kutolea moshi nje. Zaidi ya miaka 150 imepita, na dohani ya hita ya shemeji yangu tuliikuta stoo, ndani ya boksi lake, haijafunguliwa. Aliyeifunga hita alisema bomba lile lingeharibu dari.

Nayasema haya sasa kwa sababu gesi inaingia majumbani kwa kasi. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, nalo litaokoa misitu na mapafu ya mama zetu. Lakini mtungi ukishaingia jikoni, hita nayo hubisha hodi bafuni, na jiko la gesi na hita ya gesi si ndugu wa kulala chumba kimoja.

Kwa hiyo naomba uyashike machache. Hita ya gesi isikae ndani ya bafu. Itundike nje, ukutani chini ya upenu, mahali penye hewa, kisha uyaingize maji ya moto ndani kwa bomba. Kama ni lazima iwe ndani ya nyumba, iwe na dohani inayofika nje, na chumba kiwe na tundu la hewa chini na jingine juu, lisilozibwa hata siku ya baridi. Tazama moto wake kila mara. Ukiwa wa bluu uko salama zaidi, ukiwa wa njano na masizi, funga. Anayeoga asifunge mlango kwa komeo lisiloweza kufunguliwa kutoka nje. Ukimkuta mtu ameanguka, mtoe kwanza kwenye hewa, usikae humo kuuliza maswali. Na fundi akikwambia ataondoa kile kifaa kinachoizima, mlipe nauli yake aende.

Shemeji ameyatekeleza. Mnara umeinuliwa, hita imehamia ukuta wa nyuma chini ya upenu, kifaa kipya kimefungwa mahali pa kile kilichokatwa, na nailoni imetolewa dirishani ukawekwa wavu wa mbu. Nilipokwenda tena, dada alinipa taulo bila onyo. Niliposubiri zamu yangu barazani, nilisikia mpwa wangu anaimba huko bafuni, tena kwa sauti ya kuudhi. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ndugu msikilizaji, chombo kikigoma kazi, kiulize kwanza sababu kabla ya kukilazimisha. Huenda kimeona jambo ambalo wewe hujaliona. Mpaka wiki ijayo, nakutakia usalama.